Nilivyomfuta Mkalimani

Mke wangu, marehemu, ndiye aliyempa jina hilo: Mkalimani. Kompyuta yetu ni kuukuu, inatumia mfumo wa Linux, na mchezo wa bustani aliokuwa akiupenda mke wangu, wakubwa wa kampuni ya michezo waliutengenezea Windows tu, kana kwamba sisi wengine hatuna macho. Ikabidi pawe na programu ya katikati, ya kuitafsiria mashine yetu mchezo; ndiye huyo Mkalimani. Siku nyingine Mkalimani aligoma, alizeti alizopanda mke wangu mchezoni zikawa nyeusi, mwenyewe akacheka.

Jirani yangu Karani, mlango wa pili, ana Windows. Hakuisha kunichokoza.

"Fundi viatu, bado unaongea kwa mkalimani? Kwangu mchezo unafunguka kabla sijakaa!"

Nilicheka naye, roho ikiniuma kama kiatu kipya.

Mwezi uliopita wakubwa wakatangaza: sasa upo mchezo wa Linux yenyewe, hakuna kutafsiriwa. Nikaupakua. Ukafunguka chapchap. Nikasema leo Karani atameza ulimi, na kwa furaha hiyo nikamfuta Mkalimani na kila kilicho chake.

Nikaingia bustanini. Ardhi tupu.

Kumbe alizeti za mke wangu, kisima, kibanda, vyote vilikuwa vimehifadhiwa ndani ya Mkalimani. Wakubwa hawakuona haja ya kuliandika hilo mahali ambapo mtu wa darasa la nne angeliona.

Nikajikokota hadi kwa Karani kuuliza kama kilichofutwa hurudi.

"Hakirudi, Fundi. Lakini bustani ya shemeji ipo hapa."

"Hapa kwako?"

"Mkalimani wenu akigoma, shemeji alikuwa anakuja kupanda hapa, yeye na mke wangu. Hakukwambia?"

Hakuniambia. Karani akaifungua. Alizeti zilijaa skrini nzima, zimenyooka kuliko zetu zilivyowahi kunyooka. Zimenyooka kwake! Mlangoni pa kibanda mke wangu alikuwa ameandika: FUNDI, USIGUSE.

Karani akachomeka flashi. "Nakunakilia, ukae nayo kwako."

"Ukimaliza, hiyo ya kwako ifute."

Akanigeukia, kidole juu ya kitufe. "Nifute kweli?"

Neno ndiyo lilikuwa limeshanifika kwenye meno. Nikayatazama tena yale maneno mlangoni pa kibanda.

"Acha," nikasema. "Ila usimwagilie. Nitakuja kumwagilia mwenyewe."