Utumbo wa Daktari Godbless

Harufu ya utumbo mbichi hainisumbui. Nimekulia Ngaramtoni, na kwetu mbuzi akichinjwa sisi watoto ndio tuliokuwa tunasafisha matumbo. Kilichonitia kichefuchefu Ijumaa ile ni utumbo msafi.

Mimi ni nesi, nawafundisha madaktari wapya kushona. Kabla hawajagusa mtu, kila mmoja anakuja na utumbo wake wa mbuzi kutoka machinjioni. Naukata, anauunga, kisha tunapitisha maji ya rangi tuone kama unavuja. Godbless alikuwa wa mwisho. Jumatatu alitakiwa aanze kazi peke yake kwenye kituo cha afya anakohudhuria kliniki mwanangu Naisiae, mwenye mimba ya miezi minane. Kituo hakina daktari tangu Pasaka. Nilimwombea Godbless apite kuliko hata mama yake mzazi.

Akashona vizuri mno. Maji hayakuvuja hata tone. Nikainama niangalie mafundo, nikasikia harufu ya tangawizi.

"Daktari, huu utumbo umeutoa wapi?"

"Ngaramtoni, sista. Nilimwomba mama wa supu auchemshe kidogo. Ule mbichi unatia kinyaa."

Mate ya kichefuchefu yalinijaa mdomoni. Mchaga mzima, kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, anakinywa kila Krismasi, leo ananikunjia pua. Nyama iliyochemshwa inakaza, hata uvute uzi kama unafunga gunia haichaniki. Ya mtu aliye hai haiko hivyo.

Nikamtolea mbichi kwenye friji. Alivuta uzi mara moja, utumbo ukachanika. Akajaribu pembeni, ukachanika tena, mavi ya mbuzi yakamrukia. Akarudi nyuma, akajifutia kwenye koti langu lililotundikwa mlangoni.

Nilimtazama, nikaliona tumbo la mwanangu.

"Hujapita," nikamwambia. "Jumatatu huendi. Unabaki hapa na mimi, na utumbo mbichi."

"Sista, kule hakuna mtu kabisa. Si nitajifunzia hukohuko?"

"Kwenye tumbo la nani?"

Aliniangalia, kisha akatabasamu kama aliyegundua siri yangu.

"Kwani sista una ndugu kule?"

Miaka yote ya matumbo, hakuna kilichowahi kunichefua kama swali hilo. Nikamjibu kuwa sina, nikamwekea utumbo mwingine mezani.