Kila Bastola na Mwenyewe

Jumatatu asubuhi, siku moja kabla ya maonyesho ya silaha kufunguliwa, Royce Haldane alikuwa jangwani nje ya Las Vegas akipiga risasi vibao vya chuma. Ndiyo desturi ya watengenezaji: waandishi hupelekwa kwanza uwanjani wapige mpaka vidole viume, na kesho yake ndipo ukumbi hufunguliwa. Upepo wa Januari ulikuwa unakwangua mashavu. Royce alimaliza soseji yake, akajifuta mikono kwenye suruali, akaichukua bastola mpya ya kampuni ya Ketterby.

Aliipenda palepale. Mpini ulimjaa kiganjani, triga ilivutika laini na kuachia bila kusitasita, na hata teke lake lilikuwa la adabu. Kila alipofyatua, chuma kililia. Royce alikuwa mgumu wa kusifu, maana ameandika habari za bunduki tangu nywele zake zikiwa nyeusi, lakini hapo alimgeukia mwandishi mwenzake, Virgil Tackett.

"Hii hata nikiamshwa usingizini, gizani, sikosi."

"Wewe ukiwa macho mchana kweupe unakosa," Virgil akamjibu.

Kesho yake wakaingia ukumbini. Humo silaha hazina risasi, zimetolewa kile kisindano cha kuipiga risasi, na zimefungwa mezani kwa waya. Mtu mstaarabu akiishika moja huielekeza darini, hata kama anajua haina kitu. Na kila silaha mpya huja na wenyewe, yaani wale ambao siku moja itawaua. Wenyewe hufika alfajiri kabla ya wauzaji, kila mmoja na beji ya mgeni shingoni na jeraha lake limeshafunguka, wakasimama mbele ya mtutu wao. Hawasumbui mtu. Kwa ajili yao ukumbi umetandikwa zulia jekundu la rangi iliyoiva, na wafanyakazi wa usafi hupita na ndoo na vile vibao vya njano vya kuonya kwamba sakafu imelowa.

Virgil alikwenda moja kwa moja kwenye bunduki za kuwindia. Mbele ya ile aliyoitaka walisimama paa wawili, na katikati yao shemeji yake Lamar, amevaa kizibao cha rangi ya chungwa na ana tundu chini ya kwapa ambalo ngumi ingeingia.

"Shemeji, sogea kidogo, unanizibia," Virgil alisema, akaiweka bunduki begani.

"Ndiyo hayohayo utakayosema Novemba tukienda kuwinda," Lamar alijibu.

Virgil alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaiagiza ile bunduki.

Ili kufika kwa Ketterby ilibidi wapite kwenye bunduki mpya ya kijeshi, ile nyeusi ambayo kila mtu alikuwa anaizungumzia. Wenyewe wake walikuwa foleni nzima, imepinda mpaka kwenye meza ya kahawa. Walivaa majoho ya kwaya moja, na majoho yalikuwa yameloa kuanzia kifuani hadi kwenye pindo. Mwanamke mmoja alikuwa ameushikilia utosi wake kwa mikono miwili kama anayezuia kofia isipeperuke. Waandishi waliokuwa na vikombe mkononi waliomba radhi, wakajipenyeza, na walioguswa na majoho wakajipangusa. Muuzaji aliwaambia kwamba kuna rangi tatu, na ya mchanga ndiyo inayotoka sana.

Mbele ya bastola aliyoipenda Royce alisimama binti yake, Cori.

Alikuwa peku, viatu mkononi. Risasi zilikuwa zimempata mbili: moja shingoni, moja chini ya titi la kushoto. Tundu la shingoni lilikuwa linavuja kidogokidogo kwa mapigo ya moyo. Royce akashika ukingo wa meza.

"Umekonda, Baba," Cori alisema. "Huli?"

"Wewe si uko Reno?"

"Niko Reno. Niko kazini, nimemshika mbwa anachomwa sindano. Hapa nimekuja kusimama tu."

Royce alitoa simu, akampigia. Cori wa Reno akapokea kwa kunong'ona kwamba ameshika mbwa, atampigia baadaye. Cori wa ukumbini alimngojea baba yake amalize.

"Ni nani, mwanangu? Niambie ni nani."

"Sisi hatuambiwi mtu, Baba. Tunaambiwa chombo tu."

Basi Royce akafanya kile anachokijua. Aliinama akamkagua kama anavyokagua kibao cha shabaha. Matundu yalikuwa yamekaribiana, mpigaji hakutetemeka. Ndani ya jeraha la kifuani kulikuwa na vibanzi vya mbao vyenye rangi ya kijani, na vingine kwenye nywele. Alichomoa kimoja, akakisugua kwa kidole gumba. Mlango. Alipigwa kupitia mlango, na aliyepiga alikuwa upande wa pili.

"Sisi mlango wetu mweupe," alisema, na pumzi ikamrudia. "Mbele mweupe, nyuma mweupe. Huko unakokaa je?"

"Wa kahawia."

"Nani mwenye mlango wa kijani? Una bwana mpya?"

"Baba, jamani. Mbele za watu."

Darlene Voss, aliyekuwa muuzaji wa kampuni ya Ketterby kwa miaka mingi, alikuwa amesikia yote. Alimpa Cori kitambaa cha kusafishia mitutu ili ajizibe shingo, akamvuta Royce pembeni. Desturi nyingine ya kazi hiyo ni kwamba mwandishi huazimwa bastola ya kujaribu, na akimaliza kuiandikia huirudisha au huinunua kwa bei ya kindugu.

"Ichukue hii hii, ukaikate kwa msumeno," Darlene alisema. "Usinitazame hivyo. Mwaka juzi kuna jamaa alimkuta mkewe amesimama pale kwenye ile ya rangi ya fedha. Akaikata vipande hapohapo nje, penye magari. Mkewe yuko hai, wiki iliyopita kaniletea keki."

"Bastola kama hii uikate?"

"Ni chuma, Royce."

"Umeivuta triga yake?"

"Nimeivuta."

"Basi unajua." Alitazama nyuma. Cori alikuwa ameegemea meza, anatazama viatu vyake. "Tena wakimkosa kwa hii watampata kwa nyingine. Hii ikikaa kwangu, kwenye sefu yangu, nani ataichukua? Mkononi mwangu iko salama."

Darlene alimjua kwa miaka, hakubishana. Alimwambia tu kwamba msumeno anao ndani ya gari, akitaka. Royce alimshukuru. Alimbusu binti yake kwenye paji la uso, mahali ambapo hapakuwa na damu, akamwambia asiwe na wasiwasi.

"Sina, Baba," Cori alisema.

Bastola, imesharudishiwa kisindano chake, ilimfuata nyumbani Pahrump kupitia duka la silaha la mtaani, kama sheria inavyotaka, na Royce alikwenda kuichukua Ijumaa mchana. Moyo ulikuwa mwepesi. Njiani alihesabu milango yote ya kijani anayoijua, ya majirani, ya kanisa, ya baa, akaona hakuna ambao Cori ana sababu ya kusimama nyuma yake. Alipofika, mkewe Joleen alikuwa uani, amejifunga skafu kichwani na ana brashi mkononi.

"Nilitaka ukirudi ukute nimeshamaliza," Joleen alisema. "Weupe ulikuwa umenichosha. Unaonaje?"

Mlango wa nyuma ulikuwa wa kijani. Rangi haijakauka.

"Umependeza," Royce alisema, akaingia kwa mlango wa mbele.

Alikaa jikoni akiutazama mlango huo kwa ndani. Aliogopa, tena aliogopa kama hajawahi kuogopa maishani. Angeweza kumpigia Darlene. Gereji ilikuwa na msumeno wake mwenyewe, mpya, ulioning'inia ukutani juu ya makopo ya rangi. Badala yake akapiga hesabu ya mtu aliyeishi na bunduki: kijani kiko upande wa nje tu, kwa hiyo risasi imetoka ndani, basi mwizi atakuwa ameshaingia, na mwizi ameipata bastola kwa sababu ilikuwa kwenye sefu na si mkononi mwa mwenye nyumba. Aliirudia hesabu hiyo mara kadhaa, na kila mara ilikubali. Simu ikalia.

"Nakuja leo," Cori alisema. "Nimepata likizo ghafla. Nitafika mmeshalala, nina ufunguo wa nyuma. Mwambie Mama asiningojee."

"Utaingia kwa nyuma?"

"Nitavua viatu hapohapo nje, nisimwamshe. Unajua akishtuka halali tena."

Royce alizisikia habari za viatu. Alizisikia vizuri, akaihamishia simu sikio la pili.

"Njoo, mwanangu," alisema. "Usiogope kitu. Nitakuwepo."

Akaitia bastola risasi, akaiweka kwenye droo ya kitanda, upande wa mkono wake wa kulia, droo wazi. Joleen alimwuliza kama hakusema itakaa kwenye sefu.

"Mpaka Cori aondoke. Siwezi kumwacha mtoto bila ulinzi."

Jioni aliketi akamalizia makala. Aliandika kwamba mpini unamkaa mtu kiganjani kana kwamba alizaliwa nao, kwamba triga haina mfano mwaka huu, na kwamba kwa ulinzi wa nyumba yeye mwenyewe ameichagua hii. Akaituma kwa mhariri. Kisha akautikisa mlango wa kijani kuhakikisha umefungwa, akazima taa ya nje ili atakayekuja asipate kuona, akaenda kulala na soksi miguuni, tayari.