Kisanduku cha Kupona

Saa mbili kasorobo asubuhi Mama Mgonjwa alivua viatu vyake, akajilaza kwenye kitanda cha chumba namba nne, akaisoma kadi yake. Aliisoma kama alivyofundishwa: kidole chini ya neno, midomo ikicheza, bila kuruka nukta. Kadi ilisema kwamba yeye ni mwanamke wa makamo mwenye maumivu ya tumbo upande wa kulia tangu jana. Alipofika kwenye neno “jana”, tumbo lilikuwa likimuuma upande wa kulia, na lilikuwa likimuuma tangu jana.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kila mwaka, katika wiki ya usaili, chuo cha udaktari kiliajiri watu wa kuigiza wagonjwa. Waombaji waliingia mmoja mmoja, kila mmoja kwa dakika nane, kati ya kengele na kengele. Pembeni aliketi msaili, daktari mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine kifuani, akiwa na fomu yenye visanduku kumi na viwili vya kutia alama ya vema.

Walioajiriwa pamoja naye waliigiza. Yeye hakujua kuigiza. Alianza kusoma akiwa na miaka hamsini, katika darasa la kisomo cha watu wazima, na mtu anayeijua herufi ya kwanza akiwa na wajukuu hasomi kwa mzaha. Lililoandikwa, mwili wake ulilitii. Kadi ikisema manjano, macho yake yalikuwa manjano. Kadi iliposema mimba ya miezi saba, karani wa udahili alihangaika asubuhi nzima kumtafutia gauni pana. Chini kabisa ya kila kadi palikuwa na mstari wa maandishi madogo: “Kengele ikilia, mgonjwa ni mzima.” Kengele ilipolia aliusoma mstari huo, akawa mzima, akanywa maji, kisha akaianza kadi upya kwa ajili ya mwombaji aliyefuata.

Hakuna aliyelistaajabia jambo hilo. Karani alisema mama huyu hana usumbufu. Mume wake, fundi viatu, alimpokea kila jioni kwa swali lile lile.

“Leo umeumwa nini, mke wangu?”

“Leo nilikuwa na mimba ya miezi saba.”

“Na mtoto yuko wapi?”

“Amebaki kwenye kadi.”

“Haya. Siku wakikupa kadi ya tajiri, usiisome hadi mwisho. Niite kwanza.”

Ukutani mwa chumba namba nne palikuwa na maneno makubwa ya buluu, MGONJWA KWANZA. Mama Mgonjwa aliyasoma kila alipoingia, na kila siku saa nne, kwenye foleni ya chai, miguu yake ilimpeleka mbele ya wote bila yeye kukusudia. Aliomba radhi, nao wakamsamehe. Katika jengo lile zima hapakuwa na miguu mingine iliyosogezwa na maneno yale.

Waombaji walikuwa vijana waliofundwa. Walijua kwamba kubisha hodi kuna alama, kutabasamu kuna alama, kumtazama mgonjwa machoni kuna alama, na kuinamisha kichwa kidogo upande kuna alama. Alama nono kuliko zote, nne kwa mpigo, zilikuwa za kutamka maneno ya kuonyesha huruma, na maneno yaliyokubalika yalikuwa “Naona unapitia mengi, mama.” Wengine walikuwa wameyaandika kiganjani. Siku ya mimba mmoja aliyasema akimtazama machoni kwa bidii, hata tumbo hakuliona.

Siku ya tatu kadi zilipungua. Karani akatoa nakala kwenye mashine, na mashine ikameza ukingo wa chini. Karani alizikagua nakala zile, akaona kilichopotea ni mstari mmoja tu, tena mdogo, akazigawa.

Kadi ya siku hiyo ilikuwa ya moyo. Ilisema kwamba mgonjwa amebanwa kifua, mkono wa kushoto ni mzito, miguu imevimba na hawezi kusimama. Mama Mgonjwa akaisoma, na ikawa hivyo. Mwombaji wa kwanza akaingia, akatabasamu, akatoka. Kengele ikalia. Mama akatafuta mstari wa chini kwa kidole, kidole kikateleza nje ya karatasi. Kanuni ilikuwa mgonjwa asome kadi kabla ya kila mwombaji, naye alikuwa mtu wa kanuni. Akaisoma mara ya pili, na moyo wa pili ukaja kukaa juu ya ule wa kwanza.

“Daktari,” alimwambia msaili, “mstari wa mwisho haupo.”

Msaili aliweka kidole mdomoni. Wasaili hawakuruhusiwa kuzungumza na mgonjwa kabla zamu haijaisha.

Mama Mgonjwa angeuandika mwenyewe, lakini penseli yake ilikuwa kwa mlinzi getini. Mlinzi alikuwa amemwambia, kwa heshima zote, kwamba mgonjwa wa kwenye kadi hana penseli.

Mwombaji wa tano alivaa tai ya baba yake, na baba yake alikuwa daktari bingwa wa upasuaji. Kila mtu mlangoni alikuwa amekwisha kuambiwa. Alieleza kwamba aliamua kuwa daktari siku alipomwona mtoto fukara kwenye dirisha la gari, akalia, na gari likaondoka. Kisha akaushika mkono wa Mama Mgonjwa kwa mikono yake miwili. Mkono ulikuwa baridi na umelowa kama sakafu iliyopigwa deki.

“Naona unapitia mengi, mama.”

“Mwanangu, sipumui.”

Kijana akainamisha kichwa upande, kwa kipimo barabara.

“Asante kwa kuniamini na kunieleza hayo,” alisema.

Msaili akatia vema visanduku viwili kwa mstari mmoja wa kalamu.

Mwombaji wa sita alikuwa mhudumu wa wodi. Miaka saba alikuwa amegeuza wagonjwa vitandani, amemwaga vyombo vyao, amewafumba macho waliokwisha kwenda. Alikuwa ameomba mara mbili, akanyimwa mara mbili; hii ilikuwa ya tatu, na mama yake alikuwa nje ya geti na chupa ya maji, akisubiri. Mama Mgonjwa alivitazama viatu vyake, akaitambua mishono ya mume wake kwenye soli. Binti alisahau kubisha hodi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.”

Hakutabasamu. Alitazama midomo, ambayo sasa ilikuwa ya buluu karibu sawa na maneno ya ukutani. Akatazama miguu. Akabonyeza muundi kwa kidole gumba, na shimo la kidole likabaki pale pale kama kwenye unga.

“Mama, huku siyo kuigiza.”

“Siyo, mwanangu.”

“Imeanza lini?”

“Tangu kengele ya kwanza. Kila nikiisoma kadi unakuja ugonjwa mwingine juu ya ule uliopo. Nawe nimekwisha kukusomea. Sasa ni sita.”

“Na siku nyingine ulikuwa unaponaje?”

“Kwa mstari wa chini. Mashine imeula.”

Binti akaichukua kadi, akaigeuza nyuma na mbele. Hakushtuka. Wodini alikwisha kuona watu wakipotea kwa karatasi ndogo kuliko hiyo. Akachomoa kalamu kwenye nywele zake.

“Ulisemaje huo mstari? Usifanye haraka. Neno moja moja.”

Mama Mgonjwa akautaja, neno na pumzi, neno na pumzi. Binti akauandika kwa herufi kubwa zilizoachana, kama anavyoandikiwa mtu asomaye kwa kidole. Ilikuwa dakika ya saba. Kisha akamshika mama kifundo cha mkono, akahesabu mapigo mpaka kengele ikalia. Mama akasoma. Mioyo sita ikaondoka mmoja baada ya mwingine, kama wageni wanaoagana mlangoni, na wa saba, ambao ulikuwa wake mwenyewe, ukabaki ukifanya kazi yake.

“Sasa je?”

“Sijambo, mwanangu. Sijambo kabisa.”

“Basi salama,” alisema binti, akatoka.

Zamu ilipoisha msaili alijumlisha. Mhudumu wa wodi alipata mbili: kuamkia na kukaa wima. Pembeni aliandika kwamba mwombaji ameharibu mali ya chuo kwa kuiandika.

“Lakini daktari,” alisema Mama Mgonjwa, “mimi nimepona.”

“Nimeona, mama,” alijibu msaili kwa upole, kwa kuwa sasa aliruhusiwa kuzungumza. “Hongera sana. Ila hakuna kisanduku cha kupona.”

Akaenda kunywa chai. Mama Mgonjwa akachukua rula na kalamu alizoziacha msaili, akachora chini ya fomu kisanduku cha kumi na tatu, pembe nne zilizolingana, akaandika mbele yake “Kupona”, akatia vema. Ofisini karani alihesabu hadi kumi na mbili, kama alivyoagizwa, akasimama hapo. Majina yalipobandikwa, kijana wa tai aliongoza orodha. Mhudumu wa wodi alipata barua ya kumtakia kila la heri.

Mwaka uliofuata fomu ilikuwa na visanduku kumi na vitatu.

“Chuo kinasikiliza maoni, mama,” alisema karani kwa furaha, akimwonyesha. Kisanduku cha kumi na tatu kilisema: “Hakugusa kadi ya mgonjwa.”

Kadi ya moyo ilikuwa nakala ya ile nakala. Ili kuepuka uchafu, sasa kila mwombaji aliwekewa kadi mpya, na zote zilikatwa mahali pale pale. Mama Mgonjwa aliipitisha penseli getini ndani ya soksi. Kila kengele ilipolia alijiandikia mstari, akausoma, akapona. Kanuni ya kadi iliwahusu waombaji. Kuhusu wagonjwa haikusema neno.

Siku ya tatu hodi ikabishwa mlangoni, taratibu, mara tatu. Akaingia yule binti. Viatu vyake vilikuwa vipya. Alikuwa amesoma kozi ya usaili kwa wiki sita, na tabasamu lilikuwa limetangulia kuingia kabla yake.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.” Kifua kilikuwa kimembana, lakini alifurahi kama mzazi. “Umenisahau?”

“Sijakusahau.”

Macho ya binti yalishuka kwenye midomo ya buluu, yakashuka kwenye kadi, yakafika pale karatasi ilipokatwa. Mkono wake wa kulia ukanyanyuka kutoka magotini. Mama Mgonjwa akaibana penseli chini ya paja, akangoja. Msaili naye akangoja, kalamu ikiwa juu ya kisanduku cha kumi na tatu. Mkono ukakaa hewani kidogo, kisha ule wa kushoto ukaushika na kuurudisha mahali pake.

Binti akainamisha kichwa upande.

“Naona unapitia mengi, mama,” alisema.

Alipata vyote kumi na vitatu. Alipokwisha kutoka, Mama Mgonjwa akatoa penseli, akaandika mstari wake, kila herufi ikikalia mstari kama alivyofundishwa, akausoma, akawa mzima.

Jioni mume wake aliinua macho kutoka kwenye soli.

“Leo umeumwa nini?”

“Moyo.”

“Na yule binti wangu wa viatu, alikuja?”

“Alikuja.” Akavua soksi, akaitazama penseli, ilivyokuwa fupi. “Amefaulu. Nichongee hii, kesho wanaendelea.”