Kiti cha Mbele

Kiatu kilikuwa chini ya kiti cha mbele, upande wa kushoto. Kiatu cha kike, cha kamba nyembamba, rangi ya maziwa. Nilikiona kabla ya kioo kilichomwagika kila mahali, kabla ya mlango uliojikunja kama kopo lililokanyagwa. Gari letu lilikuwa limevutwa hadi uwanja wa kituo cha polisi, na mimi, niliyekuwa nimetoka kuambiwa kwamba mume wangu yu hai, niliyepaswa kupiga magoti pale kwenye kokoto nimshukuru Mungu, niliinama nikakipima kile kiatu kwa macho. Kilikuwa kidogo kuliko mguu wangu. Nikakitia kwenye mkoba.

Ndivyo nilivyo, jamani. Wengine huingiwa na hofu kwanza, mimi huingiwa na wivu, na hofu hunikuta njiani ikihema.

"Alikuwa nani?" nilimuuliza Muoki alipofika nyumbani Komarock, shingo imefungwa kitambaa kigumu cha hospitali.

"Mteja."

"Mteja anaketi mbele?"

"Mama Mitchelle, wateja wangu wengi huketi mbele. Unajua."

Nilijua, ndiyo. Muoki alikuwa dereva wa teksi zile za kuitwa kwa simu, na madereva wenzake wote wa Barabara ya Kangundo walikuwa na mtindo mmoja. Mteja akishaingia, wanamwomba afute ile safari kwenye simu na amlipe dereva mkononi, kampuni isikate fungu lake. Halafu wanamketisha mbele. Polisi wakisimamisha gari, wataona mtu na shemeji yake, mtu na dadake, mtu na mkewe. Nilikuwa nimeusikia mtindo huo mara nyingi na kuucheka. Sikuwahi kufikiria kwamba katika kila safari ya namna hiyo kulikuwa na mwanamke fulani aliyeketi mahali pangu akionekana ni mimi.

Huyu aliitwa Kamene. Alikuwa akienda Tala kuona wazazi wake. Lori la mchanga lilikuwa limekufa katikati ya barabara bila hata tawi la kuonya watu, Muoki akaliona amechelewa, akakata usukani kulia. Upande wa kushoto ndio uliolipia. Mguu wa Kamene ulivunjika mara tatu.

Sasa sikilizeni jinsi mtu anavyoweza kuwa ndani ya gari na asiwemo. Kampuni ya teksi ilisema safari ilifutwa, kwa hiyo haimjui abiria huyo. Kampuni ya bima nayo ilikuwa imelikatia gari letu bima ya gari la nyumbani, la kwenda kanisani na sokoni, maana ile ya kubeba watu kwa malipo Muoki aliiona inauma sana. Ikigundulika alikuwa amembeba Kamene kwa malipo, bima inajitoa. Na bima ikijitoa, mguu ule ni wetu, kutibu na kushtakiwa, na gari lingeoza pale kituoni. Gari hilo lilikuwa kibanda changu cha mapazia. Nilikiuza, kitambaa na mita ya kupimia, ili Muoki apate usukani. Hatukuwa na kitu kingine.

"Utasema ni binamu yangu," Muoki aliniambia. "Binamu wa Tala. Nilikuwa nampeleka kwao, basi. Hiyo si biashara, ni undugu."

"Na yeye anajua ni binamu yako?"

"Nitamwambia nikipata simu."

Simu yake ilikuwa imesagika ndani ya gari. Likumbukeni hilo.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda kumwona hospitalini. Nilibeba machungwa. Nilikuwa nimejiapia kumkuta mwanamke wa kawaida, na nilimkuta msichana mwenye uso mtulivu, mguu umechomekwa vyuma, na kwenye vidole vya mguu ule ule uliovunjika, rangi nyekundu safi, haijabanduka hata kidogo. Ajali imevunja mifupa ikaacha rangi! Niliichukia ile rangi kuliko nilivyolichukia lori.

Kisha wakaanza Kikamba. Mimi ni Mragoli, na katika miaka yote ya ndoa yangu nimejifunza Kikamba cha kuitikia salamu na cha kukataa kuongezewa chakula. Mama mkwe hakuficha kwamba angependa mkaza mwana wa kuongea naye bila kutafsiriwa. Nikasimama na machungwa yangu, nikiwatazama wanaruka kutoka neno hadi neno, na mahali fulani Kamene akacheka, akashika mbavu kwa maumivu, akacheka tena. Muoki naye akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu ajali.

"Mmesema nini?" nikauliza.

"Aa, ni mambo ya kwetu tu. Hayatafsiriki."

Muuguzi akaja kututoa, mgonjwa apumzike. Njiani nilimuuliza kama amemwambia kuhusu ubinamu. Akapiga paji la uso. "Ai! Nimesahau."

Amesahau. Jambo lililotupeleka! Nilitembea hatua zote hadi barabarani nikijiuliza ni mazungumzo gani hayo matamu kiasi cha kumsahaulisha mtu gari lake.

Mpelelezi wa bima alikuja kabla hatujarudi hospitalini. Aliitwa Thuo, mwanamume mwembamba mwenye sauti ya kuongea na wagonjwa. Alikubali chai, akaisifu, akauliza maswali yake bila haraka. Muoki akamsimulia binamu, Tala, wazazi, undugu.

"Binamu," Thuo akasema, akipuliza chai. "Ala. Mwezi huu nimekutana na mabinamu wa madereva wengi kuliko binamu nilio nao kwetu." Akanigeukia. "Mama, mama yake huyu Kamene anaitwa nani?"

Nikanyanyua birika kumwongezea chai. Muoki akadakia jina. Thuo akamwuliza mama huyo ni nduguye nani, wa baba au wa mama. Muoki akasema baba, akajirekebisha, mama. Thuo akatikisa kichwa polepole, bila hasira, akafunga mkoba wake. "Nitaandika nilivyoona. Msinilaumu."

Niliona kibanda changu kikizama mara ya pili. Na hapo, kwa kujaribu kuokoa kilichobaki, Muoki akaniwekea mkono begani akasema kwa sauti laini, laini ambayo mimi nilikuwa nimeisahau: "Mkubwa, Kamene ni wa damu kabisa. Sisi tunampenda."

Sisi?

"Binamu gani!" Nilisimama, kikombe kikapinduka. "Binamu gani wewe, Baba Mitchelle? Mwambie huyu bwana ukweli! Huyo ni mwanamke wako! Mpango wako wa kando!" Na ikishafunguka mifereji yangu, nani wa kuifunga? Nilimwaga yote. Simu alizokuwa akitoka kwenda kupokelea kwenye ngazi. Shati lililorudi likinuka mafuta ya nywele ambayo si yangu. Kicheko cha hospitalini. Nikaenda chumbani, nikarudi na kile kiatu, nikakitupa mezani kati ya vikombe. "Huyu binamu huvulia viatu kwenye gari?" Nilikuwa nalia, kamasi na vyote, mbele ya mgeni.

Thuo alikitazama kiatu kwa muda mrefu. Akafungua tena mkoba wake.

"Pole sana, mama," akasema, na alimaanisha. "Kwa hiyo siku ile hakuwa kazini."

"Kazini? Kumpeleka mwanamke kwa wazazi wake ni kazi?"

"Matembezi ya kibinafsi, basi," akasema, akaandika.

Muoki alikuwa ameinamisha kichwa. Nilidhani ni aibu. Thuo aliaga, akasema anapitia hospitalini moja kwa moja kumsikia mgonjwa kwa kinywa chake mwenyewe. Tulisikia viatu vyake vikishuka ngazi, geti likigongwa. Ndipo Muoki akainua uso, na ulikuwa umejaa kicheko.

"Mama Mitchelle! Wee! Umecheza wewe!" Akanikumbatia na shingo yake mbovu, akanizungusha katikati ya chai iliyomwagika. "Hata mimi nilikuamini! Kiatu umekitoa wapi? Yaani ulijiandaa! Hadithi ya binamu hakuinunua, nawe ukamletea ya kununua!"

Niliachwa nimeduwaa mikononi mwake, machozi yangu bado ya moto. Nilingoja aseme sentensi moja tu. "Lakini unajua si kweli, si ndiyo?" Sentensi fupi, hata mtoto angeisema. Akaenda kutafuta kitambaa cha kupangusia meza, akipiga mluzi.

Jioni Thuo alipiga kwenye simu yangu, maana Muoki bado hakuwa na yake. Alisema mambo yataendelea vizuri. Alimwuliza yule msichana kama yeye na dereva wana uhusiano, na msichana akakubali mara moja. Akanipa pole tena, akakata.

"Amekubali," nilimwambia Muoki.

"Si nilikuambia Mungu yupo!"

"Nani alimwambia akubali?"

"Ha?"

"Simu huna. Yangu nimeikalia tangu Thuo aondoke. Nani alimwambia?"

Alifikiri kidogo, bado ana furaha yake. "Kumbe ni msichana mwerevu tu," akasema.

Huenda. Nimelipima jambo hilo kwa kila mizani niliyo nayo. Mwanamke aliyechomekwa vyuma mguuni, akiulizwa na mtu wa bima kwa sauti ile ya upole kama yeye ni mpenzi wa dereva, huyo atasoma upepo na kukubali. Angekubali hata kuwa mke mdogo wa Thuo mwenyewe. Hilo naliweka upande mmoja. Upande wa pili naweka jambo moja tu, kwamba hakuna aliyemfundisha.

Bima ililipa. Mguu ulipona, ukabaki na kuchechemea kidogo kunakomfaa, mtu akitaka kusema kweli. Kamene alikuja kutushukuru na kikapu cha kunde kutoka Tala, akanishika mikono yote miwili, akaniita dada, na macho yake hayakukwepa wala hayakusema. Nilimrudishia kiatu chake. Alicheka akasema alikilia kuliko mguu. Gari lilitengenezwa, likatiwa mlango mpya na kiti kipya, na siku hizi Muoki hubeba wateja nyuma, kwa bima inayouma, safari haifutwi. Mbele huketi mimi tukienda kanisani. Kila mara nikiingia husogeza kiti, na kila mara huona kimesogezwa tangu nilipokiacha.

Mahali fulani mjini, kwenye kabati la kampuni ya bima, mume wangu ana mpango wa kando, na shahidi ni mimi.

Wageni wakija, Muoki hupenda kusimulia. Anaigiza sauti yangu, anaigiza kikombe kikipinduka, anamwigiza Thuo na pole zake, na watu hucheka hadi wanashika magoti. "Huyu mke wangu angekuwa kwenye runinga!" huwaambia. Mimi pia hucheka. Kila anapofika mwisho husimama na birika mkononi, natulia, naipa ile sentensi niliyoingoja siku ile nafasi ya kupita. Naye hufuta machozi ya kicheko, ananinyooshea kikombe. Nammiminia chai.