Leseni ya Fahima

Aliposikia "Bi Fahima, tuelewane" kwa mara ya tatu, Fahima aliiweka simu mezani, akaifungulia sauti, akaanza kukunja nguo. Mtu akishaanza na tuelewane, jua ameshaamua kwamba wewe ndiye usiyeelewa.

"Endelea," akasema. "Nasikia."

Upande wa pili alikuwa kijana aitwaye Amjad, wa kampuni moja ya Nairobi inayouza programu ya kuhariri video. Tangu asubuhi alikuwa akirudia neno lile lile: kumbukumbu za kampuni zinaonyesha leseni ya Fahima imetumika kwenye kompyuta tatu, na leseni yenyewe ni ya kompyuta moja. Kwa hivyo programu imefungwa.

"Kompyuta ni moja," Fahima akasema. "Hii hii, yenye ufa pembeni. Naifuta yote, naiwekea Windows upya, narudisha programu yenu. Tangu niinunue leseni hii nimefanya hivyo mara tatu. Mtu akioga mara tatu, Nairobi mwamhesabu watu watatu?"

"Ungeiachilia leseni kwanza kabla ya kufuta."

"Ningejua ningeiachilia. Sikujua. Kutojua si wizi, na usinifanye mwizi nyumbani kwangu."

Sasa, mtu wa mbali atauliza kwani kuna nini cha kufutafuta. Huko Amu, ndiyo Lamu, siku ya bibi harusi kutolewa nje aonwe na wenzake, ukumbini hawaingii ila wanawake. Wanaingia na mabuibui yao, na ndani mabuibui yanavuliwa. Utaona nywele zilizotengenezwa tangu alfajiri, mikono iliyochorwa hina na piku nyeusi, magauni ambayo mwanamume wa mtaani hatayaona hadi anaingia kaburini. Mlangoni hukaa mama mmoja mkali na kapu, na kila simu inaingia kapuni, iwe ya mpishi au ya shangazi wa bwana harusi. Kamera inayoruhusiwa ni moja tu, ya Fahima.

Yeye hupiga, huenda kuhariri chumbani kwake mlango umefungwa, humpa bibi harusi nakala moja mkononi. Kisha huifuta kompyuta nzima, isibaki hata picha ya kikuba cha maua kwenye nywele. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alijiwekea sharti mwenyewe siku ya kwanza, na kwa ajili ya sharti hilo nyumba za mitaa ya Mkomani na Langoni zinamfungulia milango.

Safari hii kompyuta ilianza kuzimika ovyo akiwa amebakisha kidogo amalize harusi ya Shifaa. Akaihamishia kazi kwenye diski ya pembeni, akafuta kompyuta, akaweka Windows upya kwa mikono yake mwenyewe. Programu ilipofunguka ilimwonyesha kazi yake ikiwa imeganda, haichezi wala haitoki, na neno jekundu juu: leseni si halali. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi Shifaa anapanda ndege kumfuata mumewe Maskati. Ijumaa baada ya alasiri wanawake wa nyumba yao wamepanga kukaa naye na kuitazama harusi kwa mara ya mwisho wakiwa pamoja.

"Bi Fahima, sikiza," Amjad akasema. "Kila kazi unayoitengeneza inabeba namba ya leseni ndani yake. Nionyeshe kazi zako tatu za zamani, nitajua ni wewe yule yule."

"Sina. Nimezifuta."

"Zote?"

"Zote. Iliyobaki ni moja."

"Basi hiyo moja inatosha. Nipe ruhusa niingie kwenye kompyuta yako kutoka huku. Nitaifungua, nitaona kazi na namba pamoja. Dakika mbili tu."

Fahima akaacha kukunja nguo. "Hutaingia."

"Ndio utaratibu wetu. Lazima fundi aione kazi yenyewe."

"Mle ndani mna wanawake sabini bila buibui."

Amjad akashusha sauti, akawa kama mtu wa nyumbani. "Bi Fahima, usiogope. Hata mimi ni Muislamu."

"Ndio kabisa! Basi wewe ndiye wa kwanza wa kuinamisha macho!"

Kijana akakohoa. Akasema itabidi aandike kwamba mteja amekataa ukaguzi.

"Andika," Fahima akamwambia. "Na uandike kwa herufi kubwa." Akakata simu.

Adhuhuri akaja kakake, Shukri, mwenye duka la simu. Alikuwa ameshasikia, maana Amu neno halilali njiani. Akaketi na kuchomoa kijidiski mfukoni.

"Hii hapa, programu ile ile, imevunjwa kufuli," akasema. "Haiulizi leseni wala jina la babako."

"Nimenunua kwa haki yangu, leo nitumie ya wizi? Ndipo waseme hawakukosea. Na huyo aliyevunja kufuli la wenziwe, atashindwa kuingia langu?"

"Basi mwachie yule kijana atazame. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Mimi siinami."

"Dakika mbili, Fahima! Nani atayua?"

"Mimi nitayua. Aibu ya maiti aijuae mwosha, Shukri. Mwosha akianza kualika watu watazame, nani atampa maiti wake tena?"

"Audhubillahi! Harusi ya watu waifananisha na maiti!"

"Toka, nenda kauze kava za simu."

Shukri alitoka akicheka, lakini Fahima hakucheka. Akaketi kitandani na hasira zikamtoa machozi. Aliogopa, tena sana. Alimwona Shifaa akiondoka mikono mitupu, na mamake Shifaa akinyamaza kwa adabu, na kunyamaza kwa yule mama ni kubaya kuliko matusi ya wengine. Lakini kila alipofikiria mato ya mwanamume yakipita juu ya wale wanawake, hata kwa kufumba na kufumbua, moyo ulimkataa. Potelea mbali, akasema, kama ni kukosa na nikose, lakini haingii mtu.

Ijumaa asubuhi akampigia Amjad tena, na hakusalimia kirefu. "Nipe mkubwa wako."

"Mkubwa ana shughuli."

"Nitamngoja. Sikati."

Akangoja na muziki wa kampuni ukimpigia sikioni, akatengeneza uji, akaunywa, akaosha kikombe. Mwishowe ikatokea sauti ya mwanamke, nzito na ya haraka. Alijitaja kwa jina la Kerubo, msimamizi wa leseni.

"Nimesoma maelezo," Kerubo akasema. "Hutaki mwanamume aone. Sawa. Nifungulie mimi, mimi ni mwanamke."

Hapo mtu mwingine angeshukuru Mungu. Fahima akauliza, "Hapo ulipo uko peke yako?"

"Niko ofisini. Tuko kumi na wawili."

"Na huko kuingia kwenu kwenye kompyuta ya mtu, hakuna kinachorekodi?"

"Kinarekodi. Ni lazima, na kinahifadhiwa."

"Basi hapana. Samahani, mamangu, sikujui. Ukumbini hata simu ya mamake bibi harusi iliingia kapuni."

"Sasa wewe dada unataka nifanye nini? Mimi si mchawi nijue namba bila kuiona!"

"Namba utaiona. Ni bibi harusi ndiye hutamwona. Nipigie ya video kwa simu yako mwenyewe."

Akatoka mbio hadi kwenye msumari wa mlangoni, akatungua buibui lake la kila siku, akalitandika juu ya skrini kutoka juu hadi chini. Akalibana kwa vibanio vya nguo pande zote, akaacha kijipengo kimoja kule pembeni chini, mahali programu inapoandika namba ya leseni na tarehe. Simu ilipolia akaielekeza.

Kerubo akatazama. "Hii ni nini imefunikwa?"

"Kompyuta. Imevaa."

Fahima akasikia kicheko kikimtoroka yule mwanamke na kukatwa ghafla. "Sogeza karibu. Karibu tena. Usiitingishe." Kerubo akaisoma namba moja moja kwa sauti, akairudia, akaisoma na tarehe. Akaonekana akipiga kitufe. "Inalingana," akasema. "Kazi yangu ni namba. Harusi ni yenu. Nakufungulia."

Lakini hakukata. Akasema leseni imeshatiwa alama ya shaka, na mwezi ujao wakaguzi watataka kuiona kazi hii hii, kwa njia yoyote watakayokubaliana naye. Kazi mpya haitafaa, lazima iwe iliyotengenezwa kabla ya kufuta. "Usiifute, dada. Ukiifuta hutakuwa na ushahidi wowote, na sitaweza kukusaidia tena."

Fahima akashukuru kwa dhati, akafunga mlango, akafanya kazi hadi adhana ya alasiri bila kuinua kitwa.

Nyumbani kwa Shifaa wanawake waliitazama mara mbili. Walipiga vigelegele hadi wakapwelea sauti, wakachekana kwa walivyocheza, na mamake Shifaa akalia waziwazi akiwa ameushika mkono wa bintiye. Watu walipoanza kuondoka, Fahima akamwita Shifaa chumbani, akamkabidhi nakala yake, akafungua kompyuta mbele yake. Akamweleza maneno ya Kerubo yote, maana hakutaka kumficha.

"Basi iweke, da Fahima," Shifaa akasema. "Mimi nakuruhusu. Harusi ni yangu."

"Harusi ni yako, ndiyo. Lakini mle ndani wewe ni mmoya. Wale wengine sitini na tisa, nani amewauliza?"

"Watakufungia kazi yako!"

"Wakijaribu tutaonana. Nilipokuja na kamera yangu sikuwaambia wanawake nitawatunzia heshima yao hadi kampuni ikasirike. Niliwaambia nitaifuta."

Akachomeka diski, akaifuta. Akaifuta na iliyokuwa ndani ya kompyuta, akamwonyesha Shifaa mahali pakiwa patupu. Shifaa akamkumbatia akilia, na Fahima naye akalia, kwa sababu mwezi ujao haukuwa mbali na alijua hivyo.

Kisha akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akachukua simu, akamwandikia Kerubo hapo hapo, Shifaa akichungulia begani:

"Assalamu alaikum, Bi Kerubo. Kazi nimeifuta. Wakaguzi wakiuliza iko wapi, waambie iko kwa mwenyewe. Leseni ni yangu, na wakitaka kuigombania, namba yangu mnayo."