Kampuni ya Biskuti Yaingia Upatu

Asubuhi ile ya mwisho wa mwaka, Inshirah alikuwa jikoni kwake mtaani Shubra anakomba matumbo ya mamumunye ayajaze mchele, mara mlango ukagongwa. Alikuwa Wagih wa ghorofa ya tatu, mkuu wa fedha wa Biskuti za Ghazal, kavaa tai, jasho linamtoka.

Pesa yote ya kumwozesha binti yake Nermin, ya friji, vitanda na mapazia, alikuwa kainunulia hisa za Ghazal.

"Mama Nermin, naomba zamu ya kwanza kwenye upatu wako. Leo hii."

"Wewe?"

"Kampuni."

Inshirah akaweka kisu chini. Upatu wake ulikuwa wa wanawake wa jengo lile na muuza kuku wa chini. "Kampuni ya soko la hisa inataka kucheza upatu na jirani yangu Mama Botros?"

"Tumeshachukua zamu za kwanza karibu Shubra nzima. Lori liko nje linapokea."

Akachungulia dirishani. Kweli, lori la biskuti, foleni ya wanawake na bahasha zao, na mwenyekiti wa bodi kakalia kreti, anasimuliwa habari za goti la mtu.

"Hesabu zinafungwa leo," Wagih akaeleza. "Watu wa soko la hisa wanachukua madeni yetu ya benki, wanaondoa humo pesa taslimu tuliyo nayo. Kinachobaki ndilo deni halisi. Pesa ikijaa leo, deni linakuwa dogo, hisa zinapanda. Na zako pia, mama."

"Halafu hiyo pesa mtairudisha kila mwezi mpaka mzunguko uishe."

"Kama kila mtu."

"Basi na hiyo ni deni, mwanangu. Liandikeni."

Wagih akamtazama kama aliyetukanwa. "Upatu deni? Mama Botros alipochukua zamu ya kwanza akanunua mashine ya kufulia, nani alimwita mdaiwa? Si mlimpigia vigelegele?"

Walipiga kweli, na Inshirah ndiye aliyeanza.

"Haya niambie. Biskuti zinauzwa?"

"Biskuti?" Wagih akawaza, kama mtu aliyeulizwa habari za jirani aliyehama. "Hizo tuliacha kuoka tangu kiangazi. Unga ulikuwa unatumalizia pesa taslimu."

"Zamu ya mwisho ipo," Inshirah akasema taratibu. "Ukitaka, chukua."

"Ya mwisho hainisaidii kitu."

"Najua."

Akamfungia mlango. Akamsikia anagonga kwa jirani, na jirani anamkaribisha chai.

Akafuta mikono, akamwandikia wakala wake wa hisa kwenye simu: "Bwana Adli, uza hisa zangu zote za Ghazal leo hii. Usingoje zipande."

Vitiki vya ujumbe vikageuka buluu: kasoma. Akangoja. Akaandika tena: "Bwana Adli, uko wapi?"

Navyo vikageuka buluu, na jibu halikuja.