Kiganja Kimoja cha Chuma Kitupu

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, fundi rangi aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Msasa alifungua boliti sita, akashusha bampa la mbele la gari moja la porini, akalilaza juu ya mapipa mawili. Lilikuwa bampa la chuma kizito, la watu wanaopenda kupita pasipopitika. Aliliosha kwa maji ya sabuni, akalifuta kwa tambara lenye thina, akakaa kwenye kigoda chake na kuanza kusugua. Kwa miaka mitatu, tangu mkewe agongwe na kuuawa na gari lisilojulikana akienda dukani kununua uzi wa cherehani, hii ndiyo ilikuwa saa aliyoipenda. Kusugua kuna kelele, na kelele ni nusu ya kuwa na mtu.

Rangi nyeusi ilitoka, ikafuata ya kijivu, kisha upande wa kushoto akakutana na puti, ule udongo wa kujazia mabonde ya bodi. Msasa akasonya. Hakuna fundi mwenye akili zake anayejaza puti kwenye bampa la chuma, maana chuma hutikisika na puti hupasuka; bonde la bampa hunyooshwa kwa nyundo. Aliyefanya vile alikuwa na haraka, au aliambiwa awe nayo. Aliibandua kwa patasi, vipande vinene kama kidole, akasugua mpaka chuma kikang'aa. Bonde lililobaki lilikuwa na ukubwa wa nyonga ya mtu. Alipoinua kichwa, mkewe alikuwa amekaa kwenye ncha ya pili ya bampa, kavaa gauni lake la siku ile, mguu mmoja una ndala na mwingine hauna.

"Hiyo puti ilikuwa inanibana," alisema.

"Umekula?" Msasa akamuuliza.

"Sina njaa, mwenzangu. Wewe ndiye umekonda. Nani anakupikia?"

Hakuna aliyempikia, ila alisema ni jirani. Mkewe akamtupia lile jicho lake la kukagulia pindo. Jirani mwenyewe, fundi betri wa kibanda cha pili, alipokuja kuazima spana alisema, "Za siku nyingi, shemeji," akachukua spana akaenda zake.

Siku zile Msasa alikuwa na raha, na aliona haya kuwa nayo. Alizungumza mpaka koo likamkauka. Alimsimulia habari za binti yao aliyehamia mbali na kupiga simu mwezi kwa mwezi, za cherehani ambayo hakuna aliyeigusa, na za paa linalovujia kitanda upande wa mkewe tu, ndiyo maana hakuona haraka ya kuliziba. Mkewe alicheka, akamwita mvivu. Hakuwa ameitwa mvivu kwa miaka mitatu.

Lakini chuma kitupu hakina subira. Kila fundi anajua kinatakiwa kipate praima, rangi ya msingi, siku hiyohiyo. Kikilala wazi, asubuhi kimeshika kutu. Jumanne alimkuta mkewe amefifia, ana vumbi la kahawia mpaka kwenye kope, anakohoa. Akasugua upya, naye akarudi kama alivyokuwa. Jumatano hivyohivyo. Alhamisi alipoligonga lile bonde kwa ukucha lililia kama kifuniko cha kopo.

"Ukiendelea hivi utanitoboa," mkewe alisema.

Akisugua, chuma kingekwisha. Akiacha, kutu ingemla. Akipaka, angemfunika. Msasa aliligeuza jambo hilo kila upande na hakuona pa kutokea, kwa hiyo akaazima mkokoteni, akapakia bampa na mkewe juu yake, akausukuma hadi kituo cha polisi.

Askari wa kaunta aliandika maelezo kwa mwandiko mzuri. Mkewe alitaja saa, upande wa barabara aliokuwa akitembea, namba za gari, na dereva aliyekuwa ameinamia simu. Askari alimsomea alichoandika, naye akamsahihisha mahali pamoja. Kisha askari akafungua kabati, akalitazama jalada, akalirudisha.

"Mama, maelezo yako yamenyooka," alisema. "Shida ni kwamba jalada lilishafungwa. Kulifungua kunahitaji mlalamikaji aliye hai."

"Mume wangu huyu hapa. Ni mzima."

"Yeye hakuona. Aliyeona ni wewe, na wewe umefariki."

"Sasa tufanyeje, afande?" Msasa aliuliza.

"Hapo mimi sina la kufanya, mzee." Alikuwa mtu wa adabu, alitoka mwenyewe akawasaidia kuteremsha mkokoteni kwenye ngazi.

Ijumaa asubuhi mwenye gari alikuja kuangalia kazi imefika wapi. Alikuwa bwana wa miaka arobaini hivi, shati limepigwa pasi, mpole wa kuongea.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba," wote wawili walijibu.

"Huyu ni mke wangu," Msasa alisema.

"Pole sana, mzee. Siku ile ilikuwa mvua."

"Haikuwa mvua," mkewe alisema. "Ulikuwa unasoma simu."

Yule bwana alifikiri kidogo. "Inawezekana," alisema. "Fundi wa kwanza naye alimwona mama. Nikamwambia ajaze haraka, ndiyo maana kazi haikuwa safi. Wewe wamekusifia. Kesho mchana litakuwa tayari?"

Hasira ilimpanda Msasa hadi masikioni, na nyundo ilikuwa karibu. Mkewe akatikisa kichwa. Alipomgeukia tena yule bwana, alikuwa ameshafika getini, anazungumza na mtu mwingine kwenye simu.

"Nifunike," mkewe alisema walipobaki wawili. "Nyoosha hilo bonde, paka kila mahali, ndani na nje. Nimechoka kukaa kwenye kitu cha yule mtu. Nikifunikwa vizuri nitalala."

"Na mimi?"

"Wewe mpigie mtoto simu. Usingoje akupigie yeye."

Msasa akakubali shingo upande. Alilinyoosha bonde taratibu kwa nyundo ya mpira, akapitisha msasa laini, akafuta vumbi, akawasha kompresa. Alipiga praima mikono miwili na rangi nyeusi mikono mitatu, akingoja kila mkono ukauke. Mkewe alifunikwa kidogo kidogo, kuanzia ule mguu usio na ndala, kisha gauni, kisha mikono. Uso ulikuwa wa mwisho. "Usisahau upande wa ndani," alisema, akafumba macho.

Hakuusahau. Ila kule ndani, ambako jicho la mteja halifiki, aliacha sehemu ya ukubwa wa kiganja bila rangi, akaipaka grisi nyembamba isishike kutu. Alitaka mkewe apate pa kutokea mara mojamoja jioni, waongee. Hakumwambia. Alikuwa fundi rangi, akafikiri kama fundi rangi: alihesabu rangi, hakuhesabu boliti.

Jumamosi mchana boliti sita zilirudi mahali pake. Mwenye gari alilizunguka bampa, akalipitishia kidole, akasifu. Alipowasha injini, mkewe Msasa alitoka kupitia ile sehemu, macho yamevimba kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati, akajikuta amekaa mbele ya gari.

"Hukufunika kote," alisema.

"Nilitaka ubaki. Shuka."

Aliteremsha mguu, lakini haukugusa ardhi. Ulipita kama unapita majini. Akaurudisha. "Siwezi. Ulipoacha wazi ni kwenye gari lake, mwenzangu. Si hapa kwako."

Msasa alikimbilia dirisha la dereva. Aliomba dakika kumi na tano tu, kuna mahali kazi haijakamilika.

"Nina safari, mzee," yule bwana alisema. "Kazi ni nzuri sana. Na mama usiwe na wasiwasi naye, acha akae tu hapo mbele. Hanisumbui."

Akapandisha kioo. Gari likatoka getini polepole, mkewe Msasa amekaa wima, ameshikilia gauni magotini lisipeperushwe na upepo, anatazama barabara. Fundi betri aliinua mkono kumuaga. Kwenye kona gari liliwasha taa ya kukata kulia, likakata.

Msasa alirudi ndani akaokota kopo la rangi nyeusi, akalitikisa, akalifungua na kuchungulia. Iliyobaki ingetosha sehemu ya kiganja, na ya kurudia mkono wa pili.